Kasiksi Iliyokataa kwa Koko

Nilipokuwa na miaka kumi nilikaa benchi moja na Furaha, binti wa shangazi Nabintu, kwa sababu papa, baba yangu, alimfelisha. Papa alikuwa mwalimu wa mwaka wa tano katika shule moja ya msingi huku Kadutu, na Furaha alikuwa mwanafunzi wake. Mwisho wa mwaka, siku ya proklamasio, wazazi wakiwa wamejaa uwanjani, papa alisoma majina ya waliofaulu, kisha akasoma ya wale watakaorudia. Jina la Furaha lilikuwa la pili katika orodha hiyo. Shangazi alikuwa ameketi mstari wa mbele. Alisimama, akamshika mtoto wake mkono, akaondoka bila kumwangalia ndugu yake. Tangu siku hiyo hakumsemesha tena.

Sisi watoto wawili tulifurahi. Naona aibu kidogo kusema hivyo leo, lakini ni kweli. Mwaka mpya ulipoanza mimi nilipanda mwaka wa tano, Furaha akanisubiri hapo hapo, na tukawekwa wote kwa mwalimu mwingine. Tulikula muhogo wa kuchoma kutoka mkono mmoja na tuliandika kwa kalamu moja ya wino. Jioni tulipanda pamoja njia za udongo za Cimpunda, yeye akaingia kwao, mimi nikaendelea dakika kumi hadi kwetu. Wakubwa walipokutana kwa Koko, mama yao, kule Mudaka, sisi ndio tulikuwa simu yao.

"Furaha, ambia mwalimu anipitishie chumvi," shangazi angesema, na papa akiwa pale pale, kikopo cha chumvi mkononi.

"Nsimire," papa angenijibu mimi, "ambia shangazi yako chumvi ni hii."

Tulicheka hadi tukatolewa nje. Koko hakucheka. Alituangalia kwa jicho lake moja zima na kunung'unika kwa Mashi, lugha ya wazee wetu, maneno ambayo hatukufasiriwa.

Likizo ya Pasaka ikafika, na pamoja nayo harusi ya tonton Mugisho, mdogo wa mwisho wa papa na shangazi. Bibi arusi alikuwa wa Nyangezi. Siku ya Jumamosi familia yetu ilipaswa kwenda huko na kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, na kila mtu alijua wakwe wangeionja kabla ya kusema lolote. Kasiksi ikiwa nzuri, mazungumzo yanakwenda yenyewe. Ikiwa mbaya, watu wanaanza kuuliza huyu kijana ametoka nyumba gani.

Koko alikuwa na imani yake kuhusu kasiksi, na wazee wengi wa Mudaka walikuwa nayo pia. Kasiksi ina masikio, alisema. Ikitengenezwa katika nyumba ambamo watoto wa tumbo moja hawasemezani, inakataa. Papa, mtu wa shule, alikuwa anasikiliza hayo akitabasamu kwa heshima.

Pipa la kwanza lilitengenezwa wiki moja kabla, mvua ikinyesha kila siku. Jumanne asubuhi tonton Mugisho alifunua majani ya mgomba. Tulikuwa tumemzunguka. Hapakuwa na povu hata kidogo. Alichota, akaonja, akatema.

"Maji ya ndizi," alisema, na sauti yake ikavunjika kama ya mtoto. "Mama, minaenda kwa wakwe na maji ya ndizi."

"Imekatala," Koko akasema. Hakuonekana kushangaa.

"Mama, ni baridi," papa akasema. "Mvua imekuwa mingi."

"Ndiyo, baridi. Na iko inatoka wapi, hiyo baridi?" Alimwangalia papa, kisha akageuza kichwa polepole hadi kwa shangazi, aliyekuwa anamenya maharagi mlangoni. "Kumebakia ndizi zenye ziliivia mu shimo la pili. Kesho mutazikanyaga nyinyi wawili. Mu muvure moja."

Muvure ni ule mti uliochongwa ndani kama mtumbwi, ambamo ndizi mbivu hukanyagwa pamoja na nyasi hadi maji yake matamu yatoke. Ilikuwa kazi ya wanaume. Jirani mmoja mzee, aliyekuja kusaidia, akakohoa na kusema haijaonekana mwanamke kuingia mu muvure.

"Utaiona kesho," Koko akamjibu. "Kuja mapema, upate pa kukaa."

Papa angeweza kukataa. Shangazi pia. Lakini tonton Mugisho alikuwa amekaa chini karibu na lile pipa, mikono juu ya kichwa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia hapana.

Jumatano mvua ilitulia. Majirani walikuja, na yule mzee alipata pa kukaa. Papa alikunja suruali yake ya shule hadi magotini. Miguu yake ilikuwa miembamba na myeupe kwa vumbi la chaki, au mimi ndiye niliyeiona hivyo. Shangazi alifunga kikwembe chake cha kitenge juu. Wakanawa miguu, wakaingia, kila mmoja upande wake, nyuso zimegeukia mbali. Kwa hatua ya pili papa aliteleza. Kwa ya tatu shangazi aliteleza. Mtu hawezi kusimama peke yake juu ya ndizi mbivu.

"Mushikane mikono," Koko akaamuru. "Na mukikanyaga, muongee. Inataka kusikia."

Wakashikana kwa ncha za vidole. Wakakanyaga. Halafu shangazi akageuza kichwa kwetu.

"Furaha, ambia mwalimu asinikanyage vidole."

"Furaha hayuko mu muvure," Koko akasema. "Ambia mwenyewe."

Shangazi akamgeukia papa.

"Usinikanyage vidole," shangazi akasema.

"Pole, yaya," papa akajibu. Yaya, dada mkubwa. Nilikuwa nimesahau kwamba alimwita hivyo.

Ilikuwa miezi tisa tangu proklamasio. Baada ya neno hilo moja, mengine yalitoka kama maji.

"Nilivaa kikwembe kipya," shangazi akaanza, akikanyaga kwa nguvu. "Siku ile nilikuja wa kwanza. Nikaita majirani, nikawaambia mwalimu ni ndugu yangu. Unasoma jina ya mutoto wangu mbele ya watu, miye niko natabasamu kama mujinga. Kutoka kwako hadi kwangu ni dakika kumi. Haungeweza kuja kuniambia?"

"Niliogopa ungenibembeleza nibadilishe points."

"Ningekubembeleza, ndiyo! Ungekatala, tungegombana kule nyumbani, na kikwembe changu kingebakia mu sanduku."

"Yaya, mutoto hakujua kugawanya."

"Najua hakujua kugawanya! Hata miye sijui kugawanya!"

Yule mzee ndiye alicheka wa kwanza. Kisha tonton Mugisho, kisha sisi wote, na Furaha akacheka kuliko wote, kwa maana sasa alikuwa anajua kugawanya na nilikuwa nimemfundisha mimi. Shangazi alijaribu kukaza uso, ukamshinda. Aliteleza, papa akamdaka mabegani, na wote wawili wakakaa chini ndani ya ndizi, pwaa.

Papa hakuinuka mara moja. "Points zilikuwa zake," alisema. "Siwezi kusema ingine. Lakini kukuacha ukae pale mbele bila kujua, nilikosea. Nilikuwa mwoga. Unisamehe."

Shangazi alifuta uso kwa mkono uliojaa ndizi, ukachafuka zaidi. "Na miye nilisema sokoni kwamba unafelisha batoto ya wengine sababu mutoto yako mwenyewe hana akili."

Huyo "yako mwenyewe" nilikuwa mimi. Nilifungua mdomo kulalamika, Furaha akanitia kidole mbavuni, nikanyamaza.

Walikanyaga hadi mchana. Sisi watoto tulikunywa mutobe, ile juisi kabla haijachacha, hadi matumbo yakawa ngoma. Koko aliongeza unga wa mtama uliokaangwa, akafunika, na akaagiza pipa liwekwe jikoni, ukutani karibu na moto, siyo ghalani kama lile la kwanza. Ijumaa jioni povu lilikuwa linasukuma majani. Jumamosi huko Nyangezi baba wa bibi arusi alionja, akafumba macho, akaomba kibuyu kirudi. Papa na shangazi walicheza pamoja, vibaya sana, na hakuna aliyewazuia.

Sasa mimi pia ni mwalimu, na najua kuhusu chachu na joto. Najua ghala la Koko lilikuwa na baridi na jiko lake lilikuwa na moto. Nafikiri hata yeye alijua. Hilo halinisumbui. Miezi tisa ndugu wengine, padri na majirani walikuwa wamewaambia wale wawili wasameheane, na kila mara swali lilikuwa nani aanze. Koko aliondoa swali hilo. Hakuna aliyeanza, kasiksi ilikuwa inadai, na harusi ilikuwa Jumamosi.

Mwezi wa sita uliofuata, wiki moja kabla ya proklamasio, papa alianza kutembea. Alipanda ngazi na vichochoro vya Cimpunda, akibisha mlango kwa mlango kwa wazazi ambao watoto wao watarudia mwaka. Alikaa, akaeleza, akatukanwa, akanywa chai. Alifanya hivyo kila mwaka hadi alipostaafu, na watu wakaanza kuomba Mungu wasimwone mlangoni mwezi wa sita. Lakini uwanjani hakuna mama aliyesimama tena na kuondoka.

Mara nyingi, wanafunzi wawili wanapoletwa kwangu wakiwa hawasemezani, au mzazi anapokuja na hasira ya matokeo, natafuta kwanza kilichoumiza chini ya kile wanachogombania. Karibu kila mara kuna mtu aliyeachwa akae mbele ya wengine bila kuambiwa. Hilo linaweza kuombewa msamaha bila kubadilisha alama hata moja. Sijui kama kasiksi inasikia. Ila niliona watu wawili, kila mmoja na haki yake, wakitoka katika muvure wamechafuka sawa, na hakuna aliyeshindwa.