Manjano ya Mwanawetu, Malakwang ya Akidi

Mwanawetu alisema kilichomrudishia mumewe akili ni manjano yake, basi, asisumbuliwe na mtu. Akidi, jirani wa ukuta mmoja, mke wa polisi kutoka Acholi, akauliza manjano gani, wakati tangu Wahindi wafukuzwe hayo manjano ni vumbi la magendo? Kilichomzindua mzee ni malakwang, ile mboga yake chachu anayoiunga kwa simsim.

Ulikuwa ugomvi wa furaha, ndiyo maana Old Kampala nzima iliusikia. Kwa miaka miwili Maalim Maftah, mume wa Mwanawetu, akili ilimvuja kama maji kikapuni. Alimwita mkewe kwa jina la marehemu dada yake. Siku moja askari walimsimamisha kwenye kizuizi cha barabarani, wakamuuliza jina, naye akabaki kutabasamu. Angekwenda na maji kama Akidi asingetokea kumwombea. Tangu hapo hakutoka peke yake, na wanawake wakashika vyungu: huyu asubuhi maziwa yenye manjano na pilipili manga, yule mchana malakwang.

Leo mzee kaamka, kasema, "Mwanawetu, kanzu yangu iko wapi?" Mwanawetu nusura apae na bati la nyumba. Alipokuwa bado anawatangazia majirani, mzee kavaa kanzu, kashika njia ya soko la Nakasero peke yake. Sasa jua limepinduka, naye hajaonekana.

"Manjano yangu, mwanangu, kuku akidonoa anakumbuka yai alimototolewa," alisema Mwanawetu, macho mlangoni.

"Mama Kulthum, mbuzi tuliyemnunua Gulu alionja malakwang yangu mara moja tu, akarudi kwao kwa miguu," akajibu Akidi.

Walicheka, kisha kicheko kikawafia. Je, akiulizwa jina tena? Mwanawetu akasema taratibu kwamba mzee akirudi salama, sifa zote azichukue Akidi na mboga yake. Akidi akakataa katakata; akirudi, ni manjano. Wakaanza upya, safari hii kila mmoja akimtupia mwenzake ushindi, na sauti zikapanda kuliko mwanzo.

Mlango ukasukumwa. Aliingia Maalim, na nyuma yake askari, bunduki begani, kikapu cha nyanya mkononi.

"Huyu Abudu, alisoma Kurani kwangu chuoni," alisema mzee. "Pale kizuizini nimemtaja jina kabla hajaniuliza langu. Yasini bado inamshinda."

Askari akatazama viatu vyake. Mwanawetu alikuwa amefungua kinywa kumjibu Akidi; badala yake akampokea askari kikapu.