Kamba Iliyofungwa Kwenye Lori

Yule bwana aliyekuwa akiosha maghorofa ya Tunduma kwa mashine ya presha amefariki, na tumeshamzika kwao Isongole. Wengi wenu mmesikia. Mmesikia pia kwamba aliyemuua ni dereva wa Zambia, na wapo waliotaka kumchoma moto dereva huyo siku ile ile pale barabarani. Mimi nilikuwepo, tena ghorofa lenyewe ni langu, na naandika leo kwa sababu hayo mliyosikia si kweli. Mwenye kutaka rambirambi za kupamba atafute kwingine. Shule niliishia darasa la tatu, nikaanza kubeba mizigo mpakani kwa kichwa hadi nikasimamisha gesti ya ghorofa nne. Nimezoea kusema kitu kilivyo, na safari hii nimechelewa kukisema.

Mji wetu una vumbi na moshi wa malori. Ukipaka nyumba rangi nyeupe mwezi wa kwanza, mwezi wa sita ni ya kahawia. Wenye mashine za kuoshea magari wako wengi, lakini ghorofa si gari. Wa kwanza alikuja kwangu na bomba refu la kuungaunga, akasimama chini anarusha. Bomba likapinda, maji yakafika juu yamechoka, vioo viwili vikapasuka. Wa pili akajenga jukwaa la mirunda, siku nne anagongelea, akaniachia matundu ukutani. Marehemu alikuja na kamba, mkanda wa kujifunga kiunoni na mapajani, kibao cha kukalia na mpira mrefu mnene, mashine akaiacha chini. Alipaka sabuni kutoka chini kwenda juu, akasuuza kutoka juu kwenda chini, ili uchafu usichore michirizi. Kabla ya kufungulia maji alikanyaga ukuta kwa miguu yote miwili, maana maji yale humrudisha mtu nyuma kama amepigwa teke, kisha akapiga kelele, "Nabonyeza!" Siku ya kwanza nilimfokea kutoka chini: "Mbona maji yako yanatoka kama ya mgonjwa? Ongeza nguvu!" Akanijibu bila kugeuka, "Mzee, nikiongeza naondoka na rangi yako. Unataka nyumba safi au unataka nyumba uchi?" Watu walicheka, na mimi nilimpenda kuanzia hapo, kwa sababu wanaonijibu hivyo hapa mjini ni wachache.

Sasa hiyo kamba ilifungwa wapi? Paa langu ni bati juu ya mbao, hakuna cha kushika uzito wa mtu. Basi yeye aliipitisha juu ya paa, akaiwekea vipande vya tairi isikatwe na bati, akaishusha upande wa pili, barabarani, na kuifunga kwenye lori. Ndiyo, lori lililo kwenye foleni ya kuvuka mpaka. Msishangae, hapa Tunduma lori likisimama linaweza kumaliza siku mbili halijasogea hatua, na lina uzito kuliko nguzo yoyote. Alikuwa na utaratibu wake: dereva anamkabidhi mke wa marehemu ufunguo, mama yule anauvaa shingoni, anakaa kwenye kigoda mbele ya lori hadi mumewe akanyage chini. Madereva walimzoea. "Bamayo, mume wako anaosha ukuta, wewe unaosha nini?" mmoja alimtania, kwa ile heshima yao ya Kibemba ya kumwita mwanamke mama. Akamjibu, "Mimi naosha macho kwa kukutazama wewe usitoroke."

Siku ile nilikuwa na haraka. Kesho yake walikuwa wanakuja wageni wa posa ya binti yangu, na ukuta wa uani ulikuwa haujakwisha. Mashine ikazima, petroli imekwisha. Nikamwambia mama yule akimbie kituoni na dumu. Alisita. "Mzee, mimi sitoki hapa akiwa juu." Nikamwambia, "Kwani mimi ni mtoto? Nipe huo ufunguo." Akaupitisha kichwani, akanishikisha mkononi: "Usimpe mtu mpaka umemwona chini." Akaenda. Nikakaa kwenye kigoda chake. Haukupita muda mrefu, honi zikaanza nyuma, foleni imefunguka. Dereva akaja mbio kutoka kwa mama ntilie, jasho linamtoka: "Baba, ufunguo! Nikipitwa hapa nalala tena siku mbili!" Nikauliza, "Kamba je?" Akasema, "Mashine si imezima? Si ameshashuka?" Nikasikiliza. Kweli, kimya; nikadhani ameshuka kungoja petroli. Nikampa ufunguo, akaondoka na kamba hatujaifungua.

Hakuwa ameshuka. Alikuwa ananing'inia uani anangoja petroli. Lori lilimvuta hadi kwenye ukingo wa paa, kamba ikakatika, akaanguka kwenye sakafu ya saruji. Mimi nilisikia bati tu likikunjika.

Watu walimkamata dereva, polisi wakamwokoa kwenye mikono yao na kumweka ndani. Na mimi nikanyamaza. Msibani Isongole nilikaa viti vya mbele, nikasifiwa kwa kutoa jeneza, mchungaji akanishukuru kwa jina. Mjane alikuwa ananitazama tu. Alijua ufunguo aliuacha kwa nani, na alikuwa anangoja nifungue mdomo mwenyewe. Siku ya tisa nilimfuata. Nikamwambia, "Mama, ni mimi niliyempa." Akasema, "Najua, mzee. Kawaambie wanaomfunga mwenzio." Juzi nikaenda kituoni, nikaeleza yote, nikatia dole gumba. Yule dereva wamemtoa. Alipita mbele yangu mlangoni bila kunisalimia, na sikuona kosa lake. Mimi nimeambiwa nisitoke nje ya mkoa.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini hakuna aliyeshangaa kuona uhai wa mtu umefungwa kwenye lori la mtu mwingine. Ni kwa sababu mji mzima tunaishi hivyo. Gesti yangu hujaa foleni ikikwama, mama ntilie hupika sufuria mbili foleni ikikwama, ikitembea, tunanuna. Tumezoea kuegemea kitu kisicho chetu mpaka tunasahau kwamba kina magurudumu. Wenye maghorofa wenzangu, wekeni vyuma vya kufungia kamba juu ya paa mnapojenga. Si kazi kubwa kwa fundi anayejua kuchomelea, na mimi ningeweza kuvichomelesha tangu mwanzo.

Lakini hilo ni la chuma, na langu mimi si la chuma. Kutoka kwenye kile kigoda hadi uani ni hatua ishirini; nimerudi kuzihesabu. Nilikuwa na miguu mizima na macho mazima, nikaamua kwa sikio, kwa sababu nimekuwa mtu wa kukaa na kuletewa habari. Uhai wa mtu ukiwekwa mkononi mwako, inuka ukamtazame. Usiulize, usikisie. Nenda umwone amesimama chini.