Mama Mkwe Alikalia Kandambili Zangu

Mie ni fundi cherehani wa Mbagala, na kabla ya kuugua nilijiona chuma. Nikipata malaria nameza dawa ya mseto, mwili ukichangamka naacha, vidonge vinavyobaki natia kwenye bakuli la kabatini kwa atakayeumwa baadaye. Nyumba nyingi za kwetu zina bakuli hilo.

Safari hiyo pia niliacha dawa homa ilipoondoka, nayo ikarudi baada ya siku chache. Nilitapika hadi nyongo, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, nikawa nahema hata nikiwa nimekaa. Mama mkwe wangu, ambaye hunitania kwamba mwanawe alioa cherehani, akanipeleka hospitali.

Nikatolewa damu, nikapewa dawa ya homa, joto likashuka. Nikaanza kutafuta kandambili niondoke, maana nilikuwa na magauni ya harusi ya watu.

Daktari, binti mdogo tu, akaja na majibu. "Shikamoo mama. Homa imeshuka, ila damu inasema vingine. Wadudu ni wengi, sukari iko chini, na tindikali inayoitwa lakteti imepanda sana. Hiyo ni dalili kwamba viungo vya ndani vimeelemewa. Ni malaria kali, tunakulaza."

"Mbona mie najisikia nafuu?"

"Damu haijui kujikaza, mama."

Bado nikabisha. Mama mkwe akaokota kandambili zangu, akaziweka kitini, akazikalia. "Haya, nenda pekupeku," akasema, machozi yakimtoka. Sikuwahi kumwona akinililia. Nikapanda kitandani.

Jioni hiyo nilipoteza fahamu. Ningekuwa kwangu, ningekufa. Nilichomwa sindano, nikawekewa dripu ya sukari, damu ikapimwa tena na tena. Daktari aliposema lakteti imeshuka, mama mkwe hakujua ni kitu gani, lakini alimkumbatia.

Nilirudi nyumbani na mseto wa kumalizia matibabu. Kila nikimeza, mama mkwe ananiambia, "Fungua mdomo nione."

Namshukuru Mungu, daktari yule na huyu mama ninayempenda. Ndugu zangu, homa kushuka siyo kupona. Pimeni damu, yaaminini majibu, malizeni dozi.

Juzijuzi mama mkwe naye aliugua malaria. Siku ya pili nikamkuta anafunga vidonge vilivyobaki kwenye pindo la khanga.

"Mie nishapona," akasema.

Nikamletea maji, nikakaa mbele yake hadi akameza.

"Fungua mdomo nione, mama."