Kunde zangu zimekatwa pamoja na maua yake

Leo nimempigia kelele mkaza mwanangu mpaka majirani wametoka nje.

Nimerudi msibani, nakuta kunde zangu zimelazwa chini. Zote! Na maua yake!

"Zuhura! Una wazimu? Chakula hicho!"

"Mama, si ulisema tungule zikikataa tena kutoa nyanya mwaka huu unaliacha shamba?"

"Ndiyo unikatie kunde?"

"Zikishazaa, nguvu inakwenda kwenye punje. Zikifukiwa zikiwa na maua, inabaki kwenye udongo, tungule zitaikuta. Chimba pale pembeni nilipofukia zile chache za mwanzo mwezi uliopita."

Nikachimba. Nia yangu nimuumbue mbele za watu.

Jamani! Udongo ule uliokuwa mkavu kama jivu, leo mweusi, una ubaridi, nyungunyungu tele.

Mie skuli sikukaa, lakini udongo mzuri naujua nikiushika.

Radhi sikumwomba. Mimi mkwewe, ati!

Nikashika jembe, nikamwambia: "Unasimama unantazama nini? Tuzifukie kabla hazijakauka na jua."

Akacheka, na mie nikacheka.

Nyie mnaolia mashamba yamechoka, mmeshapanda hata kunde mkazifukia? Nijibuni, msinitumie vikopakopa vya moyo kwenye simu tu.