Simu ya Kuazima Hairudishwi Chafu

Kwetu Mamba, milimani juu ya Same, ukiazima sufuria ya jirani, unairudisha imesuguliwa mpaka masizi ya mwenyewe yametoka. Nimelelewa hivyo, na sikuwahi kufikiri kwamba tabia njema ingekuja kuniumiza.

Nilirudi nyumbani kutoka Dar kwa sababu miguu ya mama ilikuwa imeanza kumkatalia. Ili nibaki nilihitaji kazi, na kazi pekee niijuayo ni kutengeneza programu za simu. Basi nikakitengenezea kikundi cha wakulima wa tangawizi programu yao. Ukiifungua, tangazo linajitokeza katikati ya kioo: lori linapanda kesho, chimbeni, au halipandi, acheni tangawizi ardhini. Watu walikuwa wamechoka kuchimba halafu mzigo unanyaukia barabarani. Wakiikubali, mimi ndiye ningekuwa msimamizi wake. Wakiikataa, narudi Dar na mama anabaki na mkongojo wake. Njia ya tatu haikuwepo.

Kabla ya kutuma tangazo kwa watu wote, unalijaribu kwenye simu moja. Na simu hiyo haitambuliwi kwa namba ya laini, wala kwa ile ya kwenye boksi, ambayo mwenyekiti, mzee wa watu, aliikata kwa kisu akaniletea. Kuna utambulisho mwingine, mlolongo wa herufi na tarakimu usio na kichwa wala miguu, ambao programu hujipa yenyewe inapowekwa kwenye simu. Unaichomeka simu kwenye kompyuta kwa waya, unafungua programu, mistari inamiminika, nawe unautafuta humo kama unayechambua mawe kwenye mchele wa Ndungu. Ukiupata, unaunakili kwenye ukurasa wa kutumia matangazo. Lakini ukiifuta programu na kuiweka upya, utambulisho ule umekufa, umezaliwa mwingine.

Simu ya kikundi ilikuwa moja, inazunguka nyumba kwa nyumba ili kila mtu ajifunze. Nikiuchukua utambulisho na kujaribu, tangazo linatokea vizuri. Simu ikihamia nyumba nyingine, kimya. Nililaumu mtandao, nikabadilisha waya, nikakaa chini ya mgomba naitukana kompyuta isiyo na kosa. Tuliitisha mkutano, tangazo halikutokea. Tukaitisha mwingine, vilevile. Wazee wakasema Jumapili baada ya ibada iwe mwisho. Ng'ombe wa maskini hazai.

Jumamosi simu ilikuwa zamu yetu. Niliichomeka mchana kweupe, nikaupata utambulisho, nikaunakili, nikajaribu. Tangazo likatokea. Mama alilisoma kwa sauti, akacheka, akasema, "Kumbe na wewe una lako." Nikaandaa tangazo la kesho yake. Asubuhi kompyuta niliiacha kitandani, sikuona ya nini kuibeba.

Uwanjani mwa kanisa mwenyekiti aliipokea simu kutoka kwa mama, akafungua programu mbele ya wote. Kioo kikawa cheupe, ikaja picha ya tangawizi, basi. Akaifunga, akaifungua tena. Nikaiomba simu. Programu ilikuwa inaniuliza jina langu kama vile hatujawahi kuonana.

"Mama, hii simu umeifanya nini?"

"Nimeisafisha, mwanangu. Mapicha yote nimefuta, na hiyo ya kwako nikaitoa nikaiweka mpya. Ningeileta chafu mbele za watu, na mwenye kazi ni wewe?"

Akina mama waliokuwa pembeni yake wakaitikia kwa vichwa. Nao walikuwa wakifanya hivyohivyo, kila nyumba, kabla ya kuipeleka kwa jirani. Hakuna aliyeniambia, kwani nani hutangaza kwamba ameosha sufuria?

Nilieleza. Nikaomba nikimbie nyumbani kuleta kompyuta. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima iliyoniuma kuliko matusi.

"Binti yangu," akasema, "kitu kinachoharibika kwa kusafishwa, sisi tutakitunzaje? Tangawizi haisubiri."

Watu wakatawanyika. Wataendelea kuchimba kwa kubahatisha, kama zamani. Nilikuwa na hasira ya kutafuna mawe, na sikuwa na wa kumkasirikia. Mama alitembea polepole, na mimi nikampa bega njia nzima.

Siku ya kushuka Same kupanda basi, nilikuta nguo zangu zote zimefuliwa na kukunjwa ndani ya begi, hata zile ambazo sikuwa nimezivaa. Alizifua akiwa amekaa kwenye kigoda, maana kusimama muda mrefu hawezi. Nikamwambia, mama, kwa nini umejitesa hivi na miguu hiyo.

"Si nilikuwa nimekuazima tu," akasema. "Nitakurudishaje hivihivi?"