Twahira na nyimbo zenye pande mbili

Saa nne asubuhi, Ngarenaro. Fundi wa mageti wa jirani anakata vyuma, cheche zinarukia mtaroni, na Twahira Khalfani amerudisha mlango wa duka lake la uchapaji nusu ili angalau asikie anachofikiri.

Mbele yake kuna skrini nyeusi. Haina picha wala alama za kubofya, ni maandishi meupe tu, yamesongamana kama watu kwenye foleni ya maji. Twahira anaandika mstari mmoja mfupi, anagonga kitufe. Mara moja maneno yanaachana na kusimama safu mbili, kila moja wima kama nguzo.

"Kushoto anayeanzisha, kulia wanaoitikia," anasema bila kugeuka. "Wimbo wa hawa una pande mbili. Ukiuchapa kama barua, umeuua."

Hawa anaowasema ni wanakwaya wa usharika mmoja wa Olkokola, upande wa magharibi wa Mlima Meru. Leo wawili kati yao wanateremka mjini kuja kutazama wimbo mmoja tu aliowapangia. Ukiwaridhisha, watamwachia nyimbo zote za mama anayeitwa Silantoi, zitoke kitabu kabla ya Pasaka. Usipowaridhisha, kazi inahamia duka jingine, na Twahira atabaki kuwa yule aliyewaharibia sikukuu ya mavuno.

Ana miaka arobaini na moja. Baba yake alitoka Kondoa kuja Arusha kushona magodoro, na yeye kazi ya maandishi aliianzia kwenye taipureta ya wakili mmoja karibu na stendi. Huko ndiko alikojifunza kupanga safu kwa jicho.

"Ulikuwa unagonga nafasi, unagonga nafasi, ukikosea moja, ukurasa mzima unapinda. Mzee wakili alikuwa anasema, 'Twahira, hii hati imelewa.'"

Kompyuta aliyonayo aliinunua ikiwa imetumika, kutoka kampuni ya utalii iliyofunga wakati wa korona. Programu ya kuandikia barua ilikufa kwa virusi. Kijana wa mtaani, Brayson, akamwekea mfumo wa bure na kumwonyesha amri moja yenye jina la Kiingereza, column. Unaandika maneno ya kiongozi, unaweka kijiti kilichosimama, kisha unaandika maneno ya waitikiaji. Unaita amri. Vijiti vinatoweka, na kila upande unakaa mahali pake hata kama mistari ni mamia.

Twahira hakuipenda siku ya kwanza. Siku hizi anaiita Mkwe.

"Mkwe huongei naye maneno mengi," anaeleza. "Unasema kwa adabu, kwa ufupi, anakutendea. Ukimwambia vibaya hakugombezi. Anafanya alichosikia, na aibu unaipata wewe."

Kwa Mkwe amepanga bei za vyakula za mama lishe wa Sokon One, ratiba za mazishi za familia za Njiro, na majina ya watoto wa madrasa anakosoma binti yake. Siku nzuri anabaki na shilingi elfu ishirini na tano. Umeme ukikatika anakaa mlangoni na kupigana maneno na fundi wa mageti, Muzammil, ambaye tangu aanze kazi ya kwaya hamwachi apumue.

"Dada Twahira! Siku hizi hatukuoni. Umeshavaa joho la kwaya?"

"Wewe piga vyuma vyako. Geti la Mzee Jamaldini bado linafunguka kwa teke."

Kazi ya kwanza ya kwaya ilikuja mwaka jana. Silantoi, mtunzi na kiongozi wa nyimbo kwa miaka mingi, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa koo na sauti haikurudi yote. Nafasi yake akapewa mkulima wa viazi aitwaye Lemburis. Ili asipotee, na ili usharika mzima uitikie, wakaamua wimbo wa mavuno uchapwe na kugawiwa milangoni. Walimletea Twahira sauti ya Silantoi na waitikiaji wake, iliyorekodiwa kwenye simu kabla ya upasuaji.

Alisikiliza, akaandika, akamwita Mkwe. Alikagua herufi moja moja. Hakuna neno lililokosewa.

Ila ubeti wa tatu ulikuwa na jambo lake. Pale waitikiaji wanaitika mara ya pili bila kiongozi kutamka neno. Upande wa kushoto Twahira hakuandika kitu, kwa sababu hakusikia kitu. Na amri ile, katika kompyuta yake ya zamani, ikikuta upande wa kushoto mtupu, inauhesabu kama haupo. Ikasukuma kiitikio kushoto, kikasimama upande wa kiongozi.

Twahira aliliona. Hakulishtukia.

"Mimi ni Mwislamu," anasema, na hapa anacheka kidogo. "Kwetu imamu anasoma, watu wamenyamaza. Nilikuwa nakagua herufi, sauti sisikilizi tena, nikadhani na wao wana mahali pa hivyo. Nikasema, haya, hapa kiongozi yuko peke yake."

Lemburis naye aliliona usiku wa kuamkia sikukuu. Alijua kabisa kwamba maneno yale si yake. Lakini wimbo ni wa Silantoi, na huko kwao mtu wa umri wake hamwendei mama wa umri ule kumuuliza kama amekosea wimbo wake mwenyewe.

"Nilijua yeyo amebadilisha," anasema, akimwita Silantoi mama kwa lugha ya kwao. "Na akibadilisha, amebadilisha."

Basi siku ya mavuno, mbele ya mikungu ya ndizi na mbuzi waliofungwa nje, Lemburis alifika ubeti wa tatu akaimba, "Tumekuja, tumekuja, tumeshika mkononi." Watu wakatazama karatasi. Upande wao mweupe. Wakanyamaza kwa adabu. Akaimba tena, peke yake, kama mtu aliyejipigia simu akaipokea mwenyewe. Mtoto mmoja akacheka, kisha benchi lake, kisha kanisa. Silantoi, kwenye kiti cha mbele, alijifunika kitenge usoni, na hakuna aliyejua kama naye anacheka.

Wazee wa usharika walitaka kazi ya kitabu ihamishwe papo hapo. Silantoi ndiye aliyesema aonyeshwe kwanza wimbo uleule, ukiwa umepangwa upya.

Saa tano kasoro wanaingia. Silantoi ni mwembamba, mrefu, amejitanda kitenge cha zambarau, na shingoni kovu linaonekana. Lemburis anakuja nyuma na viatu vyenye udongo mwekundu.

"Shikamoo, yeyo," Twahira anasimama.

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo hapa mlipomnyang'anya Lemburis watu wake?"

"Yeyo, jamani."

"Nauliza tu."

Sauti yake ni mkwaruzo. Anakaa kwenye benchi na kupokea karatasi. Anasoma polepole, kidole kikishuka upande wa kushoto. Safari hii Twahira amejifunza: pale patupu ameweka kistari kifupi, ili Mkwe aone kuna mtu na asisukume. Kiitikio kimebaki kulia, mahali pake.

Kidole kinasimama kwenye kistari.

"Hiki nini?"

"Hapo ndipo uliponyamaza, yeyo. Nimeweka alama ili upande wa pili usihame."

"Nani kakwambia nimenyamaza?"

Twahira anamtazama Lemburis. Lemburis anatazama sakafu.

"Kwenye simu hakuna neno hapo," Twahira anasema taratibu. "Nimerudia kusikiliza."

"Simu ina macho?"

Silantoi anasimama. Anaweka karatasi kwenye benchi, anashusha mabega, kisha anavuta pumzi moja ndefu, kifua kikienda mbele na kidevu kikipanda. Haitoki sauti yoyote. Lakini Lemburis, pale mlangoni, kabla hajajijua, ameitika: "Tumekuja, tumekuja!"

Akaziba mdomo.

"Umeona?" Silantoi anamwambia Twahira. "Wakiniona nimevuta, wanaingia. Nisipovuta, hawana ruhusa. Hapo nina kazi kuliko kote."

"Ndiyo maana!" Lemburis anapata ulimi. "Tangu Januari mazoezini nafika hapo, nasubiri, na wao wananisubiri. Karatasi hii ni sahihi, na bado tungesimama kama ng'ombe njia panda. Yeyo, mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Jambo hilo lilikuwa limekaa wazi kwa miaka, mbele ya kanisa zima, na hakuna aliyelihesabu kuwa sehemu ya wimbo. Hata Silantoi mwenyewe hakuwahi kulisema kwa maneno. Hakuwa na sababu, maana mwili wake ulikuwa ukilisema.

Twahira anarudi kwenye skrini. Anafuta kistari, anaandika neno moja: *vuta*. Anagonga amri. Safu zinasimama. Printa inakohoa, karatasi inatoka ya moto, na Silantoi anaikabidhi kwa Lemburis.

"Haya, anza. Na wewe," anamgeukia mwenye duka, "uitike. Umeandika, uimbe."

"Mimi sijui kuimba, yeyo."

"Sikukuuliza hilo."

Lemburis anaanzisha. Twahira anaitika kwa kusoma, sauti ndogo, macho yakifuata upande wa kulia. Ubeti wa kwanza unapita, na wa pili. Kwenye ubeti wa tatu Lemburis anafika kwenye neno lile, anapanua kifua, anavuta. Twahira anaingia bila kutazama karatasi.

Nje mashine imezimwa. Muzammil amesimama mlangoni, miwani ya kazi kwenye paji la uso.

"Sasa joho bado rangi tu," anasema.

"Na wewe ni nani?" Silantoi anamuuliza.

"Jirani, shikamoo mama."

"Marahaba. Tulipokuwa tunaingia, kwa kelele za vyuma vyako, nilidhani hapa pana vita."

Hakuna sifa iliyotolewa. Silantoi aliikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye mkoba, akachukua muda kumtazama Twahira kama mtu anayepima ng'ombe mnadani. Kisha akatoa uamuzi: nyimbo zote zije Ngarenaro, ila hataki tena ziandikwe kutoka kwenye simu.

"Jumamosi kuna mazoezi. Njoo nikuonyeshe, utazame kwa macho yako. Ziko nyingine ninapiga mguu, nyingine nageuza shingo. Mimi sitaimba mwaka mwingine. Nikinyamaza kweli, Lemburis ajue pa kuvuta."

Tangu siku hiyo Twahira ameshafikiria jinsi ya kufanya. Safu mbili hazitatosha. Anataka kuweka ya tatu, katikati ya kiongozi na waitikiaji, ya mambo ya mwili: kuvuta, kupiga mguu, kugeuza shingo. Anasema atajaza kila mstari, asiache upande mtupu hata mmoja. Akimaliza kabla ya Pasaka, anatumaini sharika nyingine za upande ule zitakuja na nyimbo za wazee wao, na duka litaacha kuishi kwa ratiba za mazishi.

Muzammil amekubali kuangalia duka Jumamosi. Mume wa Twahira amecheka, kisha akamtafutia mwavuli.

"Nilimuuliza yeyo nitakaa wapi, maana mimi si wa kanisani," Twahira anasema. "Akaniambia nikae kulia, kwa wanaoitikia. Akasema huko ndiko kiongozi anakoonekana vizuri."