Nafasi Moja ya Ndege ya Mtwara

Mama alifariki alfajiri, kijijini kwetu nje kidogo ya Mtwara. Kaka yangu alinikuta Kariakoo ndiyo kwanza nafungua duka. Nilipomwona uso tu, nikarudishia kufuli.

Tulikatiza Mnazi Mmoja mbiombio hadi kwa wakala wa tiketi. Njiani kaka akampigia mjomba.

"Shikamoo, mjomba. Tunaomba mtusubiri mpaka kesho."

"Marahaba, mwanangu. Kesho hapana, kwa joto hili. Tunazika baada ya Alasiri. Jitahidini."

Kwa barabara ni zaidi ya kilomita mia tano, na mabasi ya asubuhi yalishaondoka. Hata tungepata gari muda ule, tungefika giza limeingia. Kwa ndege ni mwendo wa saa moja na dakika chache.

Binti wa tiketi alibofya kompyuta yake, akabofya tena. "Ya saa tano imebaki nafasi moja. Nyingine kesho."

Tukatazamana. Kaka ndiye mtoto wa kiume pekee, wa kuingia kaburini kumpokea mama. Mimi ndiye binti pekee, wa kumwosha.

"Nenda wewe," nilimwambia, huku kitambulisho changu nimeshakitoa kwenye pochi.

Kaka alikuwa anapumua kama mtu aliyebeba gunia.

"Samahani jamani, siwezi kuishikilia," binti akasema. "Mawakala wengine nao wanaiona."

Kaka akaninyang'anya kile kitambulisho, akakiweka mezani. "Mkatie huyu." Kisha akanigeukia. "Kaburini wanaume watakuwepo. Mama hakupenda kushikwashikwa na watu. Kamwoshe wewe."

Ndege ilichelewa kuruka. Nilikaa nimefunga mkanda, nikiitazama ile njia ya kurukia iliyotulia tu kwenye jua, nikiwaza kwamba sasa hivi wanachota maji. Tuliporuka, nilitazama chini muda wote. Kaka alikuwa huko barabarani mahali fulani; alishanipigia kwamba amepewa lifti na mfanyabiashara wa korosho.

Nilipofika kijijini shuka zilishatundikwa, maji yameshapashwa moto. Mama mdogo aliponiona aliweka kata chini. "Njoo, mwanangu. Tulikuwa tunaanza."

Alasiri wanaume wakaondoka na jeneza. Kaburini alishuka mjomba. Sisi wanawake tulibaki uani, na nyuma yangu nikasikia mtu akisema, "Mwanaume mzima, anamtanguliza dada yake apande ndege!" Nikageuka. "Yeye ndiye aliyenipa nafasi yake," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa msibani.

Kaka aliingia baada ya Isha, vumbi hadi kwenye kope. Watu walimpa pole, akaitikia bila kusimama, akaja moja kwa moja nilipokuwa nimekaa.

"Alikuwaje?"

"Kama amelala. Nywele zake zilikuwa laini bado. Nilimsuka mwenyewe, mikia mitatu."

"Mikia mitatu," akarudia. Kisha akakaa mkekani na kulia.